Mwaka wa Kuchambua Maharage

Shabani anashikilia kwamba palikuwa na alama ya mshangao. Alisema hivyo mwezi uliopita hapa Dodoma, tulipokutana watu tisa tuliosoma ualimu pamoja, akiwa na paja la kuku mkononi na kitambulisho cha wizara kikining'inia kifuani, maana alikuwa ametoroka kazini Mtumba kwa saa mbili tu. Joyce akasema hapana, ilikuwa nukta, na nukta ile ndiyo iliyobeba uzito wote. Elia, ambaye siku hizi ni mchungaji mwenye kitambi, alifumba macho, akahesabu kwa vidole, akatangaza kwamba mizani zilikuwa kumi na nne na hazijabadilika. Sauti zikapanda. Mhudumu aliyekuja kuondoa sahani alituangalia kwa huruma. Nadhani alidhani tunagombea shamba la marehemu. Tulikuwa tunagombea maneno manne yaliyoandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi la sabuni, zaidi ya miaka ishirini na mitano iliyopita, yakabandikwa kwenye mlango wa jiko la chuo: Leo hakuna maharage. Msiulize. Naandika nukta kwa sababu, kati ya wote waliokuwa mezani, mimi ndiye niliyelishika boksi lile mara ya mwisho. Lakini siku hiyo niliendelea kula, nikawaacha wapigane.

Chuo chenyewe hakipo tena. Kilikuwa kidogo, nje ya mji wa Mpwapwa, chini ya vilima, na darasa letu la Kiswahili lilikuwa zamani ghala la karanga. Harufu ya karanga ilikuwa haijatoka ukutani, kwa hiyo tulisoma fasihi mwaka mzima tukiwa na njaa. Mwalimu Sudayi, aliyetufundisha, alikuwa mrefu na mkavu, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa hata kwenye jua la Oktoba, na alikuja na madaftari mawili mazito yenye nadharia zote za uhakiki alizozinakili chuo kikuu. Nadharia tulikuwa nazo. Tulichokosa ni kazi za kuhakiki, kwa sababu vitabu vilikuwa njiani tangu kabla hatujafika, na viliendelea kuwa njiani mpaka tukaondoka. Hilo halikumvunja moyo. Alitia vikaratasi kwenye kofia yake, akatuambia kila mmoja achomoe nadharia atakayoishi nayo mwaka mzima. Shabani alichomoa nadharia ya matabaka, na kuanzia siku hiyo hakuweza kuona mtu amebeba ndoo bila kuuliza ndoo ni ya nani na maji yanakwenda kwa nani. Joyce alipata ufeministi, akakataa kufagia darasa mpaka wavulana nao washike fagio, jambo lililotupunguzia kazi wengi. Elia alipata umuundo, ambao kwa maelezo ya Mwalimu haumtazami mwandishi wala jamii yake, unatazama maneno yenyewe na jinsi yalivyopangwa. Elia alikuwa mtu wa amani, ukamfaa. Mimi nilipata uchanganuzi nafsi.

"Wewe, Tabitha," Mwalimu aliniambia, "utatafuta kile ambacho mwandishi anakificha, hata kama mwenyewe hajui kwamba anakificha."

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na jambo nililolipenda kuliko yote duniani lilikuwa kusikiliza mazungumzo ya watu wasiojua kwamba nasikiliza. Sijawahi kupewa kazi inayonifaa kama ile.

Chakula kilikuwa ugali na maharage. Aliyekipika ni Mama Yunisi, mjane wa miaka hamsini hivi, mwenyeji wa Mvumi, mwenye mikono minene na maneno machache. Maharage yake yalikuwa mazito, yana kitunguu cha kutosha, na harufu yake ilivuka uwanja ikatufikia darasani na kugombana na ile ya karanga. Maharage yakikosekana tulikula mlenda, mboga ya majani yenye utelezi. Wenyeji waliupenda na waliutetea, na leo mimi mwenyewe naupika nyumbani kwa hiari yangu, lakini mwaka ule sisi tuliotoka mbali tulikuwa bado hatujajifunza kuukata kwa kidole, kwa hiyo ulivutika kutoka sahani hadi kidevu, na wenyeji wakacheka hadi machozi. Ndiyo maana Jumatano moja, tulipokuta tangazo lile mlangoni, bwalo zima liliguna. Mwalimu Sudayi peke yake ndiye aliyefurahi. Alisimama mbele ya mlango wa jiko akalisoma mara tatu, akalibandua kwa uangalifu, akaja nalo darasani amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Jamani," alisema, "matini imepatikana."

Tuliihakiki matini ile siku nzima. Elia alianza, akasema sentensi ya kwanza ina mizani tisa na ya pili ina tano, kwamba tisa ni mlango ulio wazi na tano ni mlango unaofungwa, na akakaa chini akiwa ameridhika kabisa. Shabani alisimama kabla hajaitwa. "Nani mwenye uwezo wa kuwaambia watu wasiulize?" alifoka. "Ni mwenye ghala! Mbona hatujaona tangazo kama hili kwenye mlango wa Mkuu wa chuo? Kwake maharage yapo!" Joyce akasema hapana, aliyeandika si mwenye ghala, ni mwanamke aliyefungiwa jikoni miaka yote, na jamii imemwachia maneno ya kukana tu: hakuna, msi. Wakabishana mpaka Mwalimu akapiga meza. Ndipo nikasimama mimi. Naikumbuka sauti yangu mwenyewe, na bado inanitia aibu kwa jinsi ilivyokuwa tulivu. Nilisema kwamba hakuna mtu aliyekuwa ameuliza. Mwandishi angeweza kuishia kwenye maharage. Lakini akaongeza neno, na mtu anayewakataza wengine kuuliza kabla hawajauliza anajibu swali lililo moyoni mwake mwenyewe. "Swali hilo, kwa mwanamke mtu mzima anayeishi peke yake, ni moja," nilisema. "Kuna mwanamume hapa. Anafichwa. Maharage ni pazia tu." Darasa lililipuka kwa makofi. Mwalimu Sudayi alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. Madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto, na chini ya dirisha letu ndipo lilipokuwa bomba la maji, na kwenye bomba palikuwa na foleni ya akina mama wanane.

Sikujua, na hakuna aliyeniambia mpaka mambo yalipokwisha kuharibika, kwamba Mama Yunisi alikuwa ameposwa. Mposaji alikuwa Fundi Chilewa, seremala wa chuo, mjane mwenzake, mtu mpole mwenye maranda kwenye nywele saa zote. Alikuwa ameandika barua ya posa kwa heshima zote, ndugu wa mwanamke kule Mvumi walikuwa wameikubali, na yeye mwenyewe, Mama Yunisi, alikuwa ameikubali. Maneno yangu yalitoka kwenye bomba siku ile ya Jumatano. Ijumaa yalikuwa sokoni. Jumapili, baada ya ibada, mwanamume anayefichwa alikuwa tayari amepata kazi na sura: alikuwa dereva wa lori lililoleta unga, ana jino la dhahabu, na huja kila baada ya wiki mbili. Jumatatu Fundi Chilewa alimtuma mshenga wake kwenda Mvumi kuomba arudishiwe barua yake.

Siku ya pili yake, katikati ya kipindi, Mama Yunisi alisimama kwenye mlango wa darasa letu. Hakupiga hodi. Alikuwa amevaa aproni yenye unga.

"Shikamoo mama," tulimwamkia darasa zima, kwa hofu.

"Marahaba. Nataka kumjua mmoja tu. Nani amesema mimi nina mwanamume?"

Shabani, ambaye siku zote alijitolea kuwasemea wanyonge, alijaribu kunisaidia. "Mama, si mtu aliyesema. Ni nadharia ndiyo iliyosema."

"Nadharia."

"Ndiyo, mama."

"Huyo Nadharia anakaa bweni lipi? Mwiteni aje."

Hakuna aliyecheka, jambo ambalo hadi leo sielewi tuliwezaje. Mwalimu Sudayi alisogea mbele, akafunga kifungo cha koti. Alimwambia kwa upole kwamba darasa lilikuwa linashughulikia maandishi tu, wala halikumlenga yeye, kwa kuwa kitaaluma kazi ikishatoka mikononi mwa mwandishi inakuwa mali ya wasomaji, na mwandishi mwenyewe hahitajiki tena.

"Mimi sihitajiki?" Mama Yunisi aliuliza.

"Kitaaluma, mama. Kitaaluma tu."

Alimwangalia kuanzia viatu hadi kofia. "Haya," akasema, akaenda zake. Kuanzia mchana ule tulikula mlenda, siku kumi na tano mfululizo, na Mwalimu Sudayi aliwekewa kidogo kuliko wote.

Wenzangu wa bwenini waliacha kunisemesha. Joyce alinihurumia siku mbili, kisha naye mlenda ukamshinda. Siku ya kumi na mbili Mkuu wa chuo aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa amri, mwenye kengele ya shaba mezani aliyoipiga hata kama aliyemwita alikuwa amekwisha kuingia. Aliniambia Mama Yunisi amemwandikia kwamba mwisho wa mwezi anaacha kazi, anakwenda kuishi Dodoma kwa binti yake Yunisi, kwa sababu hawezi kupita njia za Mpwapwa watu wakiwa wanamcheka. "Mpishi kama yule simpati tena," alisema. "Walimu wanafunzi napata kila mwaka. Akiondoka yeye, na wewe unaondoka. Nenda kamtulize." Akapiga kengele. Kurudi nyumbani bila cheti lilikuwa jambo ambalo sikuwa na maneno ya kulielezea, si kwa wazazi wangu wala kwangu mwenyewe.

Nilikwenda jikoni saa nane mchana, vyombo vikiwa vimeoshwa. Jiko lilikuwa chumba kirefu chenye kuta nyeusi za moshi, masufuria makubwa yamepinduliwa mfululizo, na mlango wa nyuma uliotokea kwenye kiwanja kidogo chenye wigo na geti la mbao. Nilipiga magoti nikaomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, na yalikuwa mazuri. Mama Yunisi aliniacha nimalize.

"Mnasema darasani mnafanya nini na tangazo langu?"

"Tunalichambua, mama."

"Unajua kuchambua?"

Nilisema najua kidogo. Akanisogezea ungo, akamimina maharage. "Chambua."

Nilichambua maharage wiki mbili, kila siku baada ya vipindi. Mwanzoni alirudia kazi yangu yote, akanionyesha mawe niliyoyaacha, mengine yana rangi ile ile ya maharage na yamekaa kama maharage kabisa. "Hili umeliona?" "Hapana, mama." "Na hili?" "Hapana." Hakunifokea. Siku ya tatu alinipa chai. Siku ya tano tulikula maharage bwaloni, wenzangu wakaanza kunisalimia. Lakini barua ya kuacha kazi ilikuwa palepale ofisini, na Mama Yunisi hakulitaja jambo lile hata mara moja. Siku hizi ninapowafundisha vijana uhakiki, nawaambia kwamba nusu ya kazi ni kukaa na kitu hadi mikono iumwe. Wanaandika kwenye madaftari yao. Siwaambii niliyajulia wapi.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya ila kuchambua na kutazama, nilianza kuviona vitu. Nyuma ya kuni, karibu na geti, palikuwa na mavi ya mbuzi yaliyokauka, mengi, na wafanyakazi wote walijua amri ya Mkuu wa chuo: mbuzi akikutwa ndani ya uzio, mwenye mbuzi anapoteza kazi. Geti lenyewe lilikuwa kuukuu limefungwa kwa kamba iliyochakaa, lakini lilikuwa na komeo jipya, la mti mgumu, lililopigwa randa mpaka likang'aa. Hakuna mtu anayepoteza muda kulipamba komeo la geti la jiko namna ile. Na pembeni ya mlango palikuwa na karai kubwa ambalo Mama Yunisi alilowekea maharage tangu usiku ili yaive haraka. Niliangalia karai, nikaangalia geti, nikaangalia komeo. Katika wiki tano ilikuwa mara yangu ya kwanza kutaka kujua kwa nini kweli hapakuwa na maharage.

"Mama," nilisema, "siku ile, mbuzi waliingia?"

Hakuinua kichwa. "Niliandika nini mlangoni?"

"Msiulize."

"Unajua kusoma?"

"Ndiyo, mama."

"Basi."

Nilijua mbuzi ni wa nani. Kila mtu pale aliwajua mbuzi wa Fundi Chilewa, wanne, wawili weupe, waliomfuata kila asubuhi mpaka nje ya uzio kama watoto wanavyofuata gari la harusi. Nilikwenda darasani kabla ya kengele ya jioni, nikalibandua boksi ukutani ambako Mwalimu alikuwa amelipigilia chini ya kalenda, nikaenda nalo karakana. Fundi Chilewa alikuwa anapiga randa ubao wa dawati. Nilimwamkia shikamoo baba, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa anajua mimi ni nani. Alikuwa amekonda. Niliweka boksi juu ya ubao, mbele ya randa, ikambidi asimame.

"Naomba usome, baba."

"Nimelisoma mlangoni kama watu wote."

"Lilibandikwa siku gani?"

Alifikiri. "Jumatano."

"Na Jumanne jioni ulikuwa wapi?"

Randa ilibaki mkononi. Alikaa kwenye kigoda polepole, kama mtu anayeogopa kigoda kitavunjika. Alisema Jumanne jioni alikwenda jikoni kupima rafu, ingawa rafu ile alikwisha kuipima mara mbili. Walizungumza mpaka giza likaingia. Alipoondoka hakukumbuka kufunga geti, kwa sababu alikuwa na furaha. Alfajiri mbuzi wake walirudi nyumbani matumbo yamewavimba, mweupe mmoja akakaribia kufa, na wakatapika maharage mabichi uani kwake. Kabla watu hawajaamka alikwenda mbio kupigilia komeo alilokuwa amelichonga siku nyingi kwa ajili ya jiko lile. Alisema hakuthubutu kumwambia mtu, na kwa wiki tano zote aliamini kwamba Mama Yunisi hajui ni mbuzi wa nani.

"Lile tangazo nilidhani anawaambia wanachuo," alisema.

"Na sisi tulidhani hivyohivyo."

Akalichukua boksi akalisoma tena, midomo ikicheza. Nilimwona anafika kwenye neno la mwisho na kukaa hapo. Alikuwa mtu wa kufikiri taratibu, na sikumharakisha.

"Kwa hiyo huyo mwanamume anayefichwa..."

"Ni wewe, baba."

"Siyo dereva wa lori?"

"Hapana."

"Wiki nne nzima," alisema Fundi Chilewa, "nimejionea wivu mwenyewe."

Linaloniudhi mpaka leo ni kwamba nilikuwa sahihi. Palikuwa na mwanamume, alikuwa anafichwa, na maharage yalikuwa pazia. Nilisema kweli tupu mbele ya darasa na karibu niwaharibie watu wawili maisha, kwa sababu niliijua maana na sikujua habari. Niliyaandika hayo katika insha yangu ya mwisho wa mwaka, pamoja na mavi ya mbuzi na komeo, na Mwalimu Sudayi akanipa alama ya chini kuliko zote nilizowahi kupata kwake. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: "Hii ni habari, si uhakiki." Nilipokwenda kulalamika alinisikiliza vizuri, akanikaribisha karanga, akakataa kubadilisha hata nukta. Mkuu wa chuo hakuwahi kuambiwa lolote kuhusu mbuzi; alichojua ni kwamba barua ya kuacha kazi imefutwa, na akajipongeza kwa kengele. Harusi ilifungwa Mvumi baada ya mavuno. Shabani alitoa hotuba ndefu juu ya ndoa na tabaka la wafanyakazi, na ikabidi akalishwe chini.

Lakini yale yote yalikuwa bado. Jioni ile Fundi Chilewa alisimama, akajikung'uta maranda kichwani, akaliweka boksi kwapani, akaniambia, "Nisindikize, mwanangu, peke yangu siwezi." Tulivuka uwanja. Upepo wa Juni ulikuwa umeanza na vumbi lilitupiga usoni. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, na Mama Yunisi alikuwa anakoroga sufuria, ametugeuzia mgongo. Fundi alisimama kizingitini, akasafisha koo, akasema kwa Kiswahili, "Nimesoma." Mama Yunisi hakugeuka. Basi fundi akaanza kusema kwa Kigogo, taratibu, na mimi Kigogo nilijua salamu tu. Alisema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema tangu nifike pale. Mama Yunisi alijibu neno moja. Fundi akaongeza jingine. Nilikuwa hatua mbili kutoka dirishani, mahali pazuri kuliko yote ya kusikilizia katika chuo kizima, na sikuambulia kitu. Kisha Mama Yunisi akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha tumboni, kicheko cha msichana, na mwiko ulianguka sakafuni. Sijui aliambiwa nini. Nilichukua ungo uliokuwa kibarazani, nikaenda kukaa mbali nao.